Ndege za Ayalandi na gharama ya taifa dogo kulinda anga yake

WAKENYA wengi waliosomea shule za wamishonari wanaifahamu Ayalandi kama nchi ya mapadri na watawa. Ni wachache wanaojua kwamba taifa hilo la watu wapatao milioni tano limekuwa na kikosi cha wanahewa kwa zaidi ya miaka mia moja, ilhali halina hata ndege moja ya kivita ya jeti.

Hali hiyo haikutokea kwa sadfa. Wahenga walinena kuwa mtu hujikuna ajipatapo. Orodha ya ndege zilizotumiwa na kikosi hicho inadhihirisha jinsi taifa dogo linavyolazimika kuamua lipi lifanye lenyewe na lipi liwaachie wengine.

Ndege ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1921 kwa siri. Wakati huo Michael Collins, kinara wa vita vya kuvizia dhidi ya utawala wa Uingereza, alikuwa London pamoja na wajumbe wenzake wakijadili uhuru wa nchi yao. Wafuasi wake walihofia kwamba mazungumzo yakivunjika angetiwa mbaroni, hivyo wakaiweka tayari ndege aina ya Martinsyde ili imtoroshe. Mkataba ulitiwa saini Desemba 6, 1921, na safari hiyo haikuhitajika. Mwaka uliofuata, ndege hiyo ilipelekwa Baldonnel, karibu na Dublin, ambako kikosi kipya kilikuwa kikiundwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, Ayalandi ilitangaza kutoegemea upande wowote. Hata hivyo, asiyeegemea upande pia huhitaji silaha, na ndege zake za kisasa za kushambulia zilikuwa Gladiator nne tu zilizopokewa mwaka 1938. Nchi isiyo na viwanda vya ndege haina budi kumtegemea muuzaji, na muuzaji wake mkuu alikuwa Uingereza, ambayo yenyewe ilihitaji kila ndege iliyoiunda. Ndipo Hurricane kadhaa za Waingereza, zilizotua kwa dharura katika ardhi ya Ayalandi, zikakarabatiwa na kupewa marubani wa nchi hiyo.

Baada ya vita, kikosi kilinunua Seafire 12 mwaka 1947. Mwaka 1956 kikapata jeti zake za kwanza, Vampire za viti viwili, ambazo kimsingi zilikuwa za mafunzo. Mahali pake palichukuliwa katika miaka ya 1970 na Fouga Magister za Ufaransa. Nazo zilipostaafishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hapakununuliwa jeti nyingine ya kushambulia.

Hata hivyo, ndege zilizogusa maisha ya raia zaidi hazikuwa za kivita. Kipupwe cha 1962 na 1963 kilileta theluji nyingi iliyokatiza mawasiliano na vijiji vingi. Mwaka 1963 serikali ilileta helikopta za kwanza, aina ya Alouette III. Helikopta nane za aina hiyo zilitumika hadi mwaka 2007, zikiwaopoa wavuvi baharini, zikiwatafuta waliopotea milimani na kuwakimbiza wagonjwa hospitalini.

Kazi hiyo nayo ilidai uhai. Mnamo Julai 2, 1999, helikopta aina ya Dauphin iligonga vilima vya mchanga huko Tramore, kusini mwa nchi, katika ukungu wa usiku. Ilikuwa ikirejea kutoka kuitafuta mashua ndogo. Wanajeshi wote wanne waliokuwa ndani waliaga dunia.

Leo hii, silaha za angani za Ayalandi zinabebwa na Pilatus PC-9M, ndege za mafunzo zilizoundwa Uswisi na kupokewa kuanzia mwaka 2004. Zinaendeshwa kwa rafadha, na kasi yake haifikii ile ya ndege ya kawaida ya abiria. Kwa ulinzi wa bahari, ndege mbili mpya aina ya C-295 ziliwasili mwaka 2023 kuchukua nafasi ya zile za 1994.

Pengo hilo lilijitokeza wazi mwaka 2015, ndege za kivita za Urusi zilipopita karibu na pwani ya Ayalandi bila kuwasha mitambo ya kuzitambulisha. Waliopaa kuzifuatilia walikuwa marubani wa Uingereza. Nchi ambayo ndege yake ya kwanza ilinunuliwa ili kumnusuru kiongozi mikononi mwa Waingereza, sasa inawategemea Waingereza hao hao.

Mwaka 2022, tume maalum iliyochunguza hali ya majeshi iliipa serikali viwango vitatu vya kuchagua. Serikali ilichagua kile cha kati, ikaahidi kuongeza bajeti ya ulinzi kutoka Euro bilioni 1.1 hadi bilioni 1.5 kufikia mwaka 2028, na kukubali kununua mitambo ya rada. Ununuzi wa jeti za kivita, ambao ungegharimu fedha nyingi mno, haukuwa sehemu ya uamuzi huo.

Wanaotetea uamuzi huo husema kuwa helikopta inayomfikisha mgonjwa hospitalini ina faida kubwa kwa raia kuliko jeti inayosubiri adui asiyekuja. Wanaoupinga hujibu kwamba uhuru unaolindwa na jirani ni wa kuazima. Rada itakapowekwa, itamwonyesha askari wa zamu ndege isiyojitambulisha. Lakini bado atalazimika kuuliza ni nani atakayepaa kwenda kuikabili.