Mtoto Anayecheza Chekechea Hapotezi Ada Yako

Miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo miezi ambayo wazazi wengi wa mijini huketi na kupiga hesabu za mtoto wao mdogo. Shule hufunguliwa Januari, na mtoto ametimiza miaka 3 au 4. Baba yuko kazini tangu alfajiri, mama naye yuko kiwandani, ofisini au sokoni. Bibi yuko kijijini, na msichana wa kazi mwenyewe angali na umri wa kulelewa. Basi shauri huwa ni moja: mtoto aandikishwe chekechea. Ugumu huanza pale inapobidi kuamua ni chekechea ipi.

Katika mtaa mmoja huweza kuwapo shule mbili. Katika ile ya kwanza, watoto wa miaka 3 hukaa kwenye madawati, huimba herufi kwa sauti moja na hurudi nyumbani na daftari lililojaa alama za vema. Katika ile ya pili, watoto hurudi na mchanga viatuni na gundi kwenye sare. Mzazi akimwuliza mwanawe wamefanya nini siku nzima, hujibiwa neno moja tu: "Tumecheza." Hapo mzazi mwenye mshahara wa kuhesabu hushika kichwa. Je, nimelipa ada ili mwanangu akacheze? Kucheza si angecheza hapa uani bure?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kazi ya mtoto

Tuanze na mchezo tuujuao sote, yaani mdako. Mtoto huchimba kishimo, hutia kokoto ndani yake, hurusha moja juu na kuzikokota nyingine kabla ile ya juu haijaanguka. Kisha huzirudisha zote shimoni isipokuwa moja, mara nyingine isipokuwa mbili, halafu tatu. Mtoto huyo amehesabu na kutoa. Amefundisha jicho na mkono kwenda pamoja. Amengoja zamu yake, na amebishana juu ya sheria ya mchezo bila kupigana. Hakuna aliyemshikia fimbo ili ayafanye hayo.

Au watazame watoto wanaopikapika. Jani ni noti, mchanga ni unga, kifuniko cha chupa ni sahani. Mtu mzima hucheka na kupita. Lakini mtoto aliyekubali kwamba jani lasimama badala ya fedha amepiga hatua kubwa ya akili, kwa maana herufi nayo ni alama tu isimamayo badala ya sauti, na tarakimu ni alama isimamayo badala ya idadi. Asiyepata nafasi ya kuyazoea mambo hayo kwa majani na mchanga huletewa herufi kama michoro isiyo na maana, akaikariri bila kuielewa.

Kwa nini basi tulipe ada? Kwa sababu katika shule nzuri mchezo umeandaliwa. Mwalimu ameweka vikombe karibu na ndoo ya mchanga makusudi. Mtoto anapomimina, mwalimu huuliza: "Unadhani vikombe vingapi vitaijaza?" Mtoto hukisia, hujaza, huhesabu, na hugundua mwenyewe kama alikosea. Swali hilo moja, lililoulizwa kwa wakati wake, ndilo mzazi analolilipia.

Si jambo la jana

Wazo hili lina umri mkubwa. Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, mahali pa watoto wadogo kujifunza kwa mipira ya sufu, vipande vya mbao, nyimbo na kilimo cha bustani. Mwaka 1840 alipaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Mwaka 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika majengo ya wafanyakazi maskini. Wazazi wa pale walishinda kazini kama wengi wetu, na watoto waliobaki peke yao walikuwa wakichafua kuta na ngazi. Montessori aliwapa vitu vya kushika, kupanga, kumimina na kufunga vifungo. Shughuli hizo yeye aliziita kazi ya mtoto, na watu waliofika kutazama walistaajabu jinsi watoto wadogo walivyoweza kutulia juu ya shughuli moja kwa muda mrefu.

Hapa kwetu Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka mwaka 1 wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala wa elimu hiyo uliotolewa mwaka 2016 ulisisitiza kujifunza kwa njia ya michezo. Kwa hiyo mwalimu anayewachezesha watoto hajavunja utaratibu. Anaufuata.

Mkono na moyo

Wako wazazi watakaosema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mkunjaji hana budi kujua pale samaki anapokunjika. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Katika mkono wa mtoto wa miaka 3, mingi kati ya hiyo ingali gegedu laini. Mtoto huyo akilazimishwa kujaza kurasa za herufi, mkono huchoka na mwandiko hutetemeka. Kisha huambiwa kuwa ni mvivu. Mkono uleule ukifinyanga udongo, ukitunga shanga na kukaza kamba, hupata nguvu ya kushika kalamu wakati wake utakapofika.

Na moyo je? Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, uchunguzi ulianza mwaka 1962 juu ya watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Watoto 58 walipelekwa shule ya awali wakiwa na miaka 3 au 4, na 65 hawakupelekwa. Kila asubuhi ya siku za masomo, watoto wale 58 walipanga wenyewe la kufanya, wakalitenda, kisha wakalieleza. Mwalimu naye alimtembelea mama nyumbani kila wiki. Wote walifuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Waliopitia shule ile walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Mwaka 1967 uchunguzi wa pili ulianza huko huko, juu ya watoto 68. Makundi mawili yalijifunza kwa kucheza. Kundi la tatu lilifundishwa masomo moja kwa moja, mwalimu akisema na watoto wakijibu. Mwanzoni makundi yote yalipanda katika majaribio ya akili. Lakini walipofikia miaka 23, wale wa kundi la tatu ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya kihisia na ya kisheria. Watoto 68 ni wachache, wala haifai kuwajengea hukumu ya dunia nzima. Hata hivyo yatosha kumfanya mzazi asite kabla ya kulitukuza daftari.

Siku ya kuandikisha

Usiandikishe mtoto kwa kusoma kibao cha barabarani. Omba ruhusa ukae darasani nusu saa, na utazame mambo haya.

Kwanza, usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana husimamiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na shule ya awali husajiliwa na wizara ya elimu. Mwenye cheti hataona haya kukuonyesha.

Pili, idadi. Kiwango kilichowekwa nchini kwa darasa la awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Hesabu vichwa.

Tatu, vifaa. Tafuta kona ya duka, kona ya vitabu, mchanga, maji, vibao vya kujengea. Visiwe vimefungiwa kabatini kwa ajili ya wageni. Vifuniko vya chupa vilivyochakaa kwa kuchezewa ni bora kuliko mwanasesere wa dukani aliye juu ya rafu.

Nne, sauti ya mwalimu. Je, huuliza na kungoja jibu? Hushuka chini alipo mtoto? Ukiona fimbo mezani mbele ya watoto wa miaka 4, chukua mkono wa mwanao mrudi nyumbani.

Tano, uangalizi. Kucheza hakumaanishi kuachwa. Shule ambayo watoto huzagaa uani huku walezi wakipiga soga kivulini haifundishi kwa michezo, imewatelekeza watoto. Tazama pia choo, maji ya kunawa, uzio na lango.

Mzazi asiyeweza ada asivunjike moyo. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule za serikali haitozwi ada. Madarasa mengi ya mijini yamejaa kupita kiasi, na hapo ndipo msaada wetu unapohitajika. Chupa tupu, vifuniko, maboksi na vipande vya kitambaa tunavyovitupa kila wiki ni vifaa vya thamani kwa mwalimu mwenye watoto wengi na kabati tupu. Mpelekee.

Jioni nyumbani

Wiki za mwanzo mtoto hulia. Usimtoroke, muage, mwambie utamjia saa ngapi, na utimize. Akirudi, usimwulize ameandika nini. Mwulize alijenga nini, alicheza na nani, nani alianguka, na walipatana vipi. Hapo atasimulia, na katika kusimulia atapanga mawazo, atakumbuka, atatafuta maneno. Hilo nalo ni somo, na mwalimu wake ni wewe.

Jirani atakuja na mwanawe akariri herufi zote mbele ya wageni. Msifu mtoto wa watu, wala usimdharau wako. Yeye ana miaka mingi ya madaftari mbele yake. Atakayoyahitaji siku ya kwanza ya darasa la kwanza ni mkono ulio tayari, sikio lililozoea kusikiliza, ulimi usioogopa kuuliza, na hamu ya kurudi shuleni kesho yake. Hayo hayaonekani katika daftari. Lakini ndiyo yaliyomo katika ule mchanga unaoukung'uta viatuni mwake kila jioni.