Seva nane, moja ikaachwa: Kwa nini mafundi wa wavuti sasa huandika badala ya kubofya

ASUBUHI ya Agosti 1, 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital nchini Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa dakika 45 hivi. Haikuibiwa. Siku chache awali, fundi wake alikuwa amenakili programu mpya katika seva za kampuni, na kati ya seva nane, moja haikuipata.

Soko lilipofunguliwa, seva hiyo iliamsha programu kuukuu iliyokuwa imelala humo kwa miaka mingi, ikatuma mamilioni ya maagizo ya hisa ambayo hakuna mteja aliyeyahitaji. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilieleza Oktoba 2013 kwamba hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ile, wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliotaka ikaguliwe.

Seva za Knight hazikuwa za kukodi, lakini kasoro hiyo humkuta pia anayekodi kompyuta katika wingu ili kuweka tovuti yake. Hufungua ukurasa wa mtoa huduma, akabofya hapa na pale, akachagua ukubwa wa seva na milango ya kuacha wazi. Tovuti hufanya kazi. Miezi sita baadaye seva ya pili inapohitajika, hakuna akumbukaye kilichobofywa, na aliyejua huenda amekwisha kuhama kazi.

Ndipo ulipozuka utaratibu ambao wataalamu huuita miundombinu kama msimbo. Amazon ilitoa CloudFormation mwaka 2011, nayo kampuni ya HashiCorp ikatoa Terraform mwaka 2014. Badala ya kubofya, fundi huandika katika faili ya kawaida kile anachokitaka: seva mbili, ziwe Cape Town, mlango 80 na 443 iwe wazi kwa wote, mlango 22 uwe wa wafanyakazi pekee. (Cape Town si mgeni katika mambo haya. Amazon ilifungua vituo vyake vya data huko mwaka 2020, lakini sehemu kubwa ya huduma ya kukodisha seva ya EC2, iliyoanza mwaka 2006, iliundwa na wahandisi waliokuwa mjini humo.)

Jambo la kuzingatia ni kwamba faili hiyo haielezi hatua za kufuata, bali hali inayotakiwa. Terraform huilinganisha na kilichopo, kisha huonyesha mpango: alama ya kujumlisha kwa kitakachoongezwa, ya kutoa kwa kitakachobomolewa. Ikiendeshwa tena bila faili kuguswa, haibadilishi chochote. Programu za ndani ya seva, kama vile Nginx inayohudumia kurasa, aghalabu huachiwa chombo kingine, mathalani Ansible.

Faili zikiwekwa katika Git, kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya na tarehe, na mwenzake hulisoma kabla halijatekelezwa. Huo ndio ukaguzi uliokosekana Knight.

Hata hivyo, kosa la mstari mmoja sasa laweza kufika katika seva zote kwa mpigo. Isitoshe, Terraform huweka kumbukumbu ya ilichojenga katika faili nyingine, ambayo yaweza kuwa na maneno ya siri yanayosomeka wazi. Kuiweka hadharani ni sawa na kuacha ufunguo mlangoni.

Lakini hatari inayowapata wengi ni alama ya kutoa na ya kujumlisha zinapoandamana katika mstari mmoja wa mpango. Maana yake ni kwamba kitu hicho hakiwezi kurekebishwa. Kitabomolewa na kingine kujengwa mahali pake. Kubadilisha taswira ya mfumo endeshi ambayo seva ilianzishwa nayo, kwa mfano, huleta matokeo hayo katika EC2. Picha na rekodi za wateja zilizokuwa katika diski ya seva hiyo zaweza kutoweka nayo, na kwa sababu hiyo huhifadhiwa katika hifadhidata iliyo kando.

Kabla ya kutekeleza mpango, Terraform humwuliza fundi kama anakubali. Hulipokea neno la Kiingereza “yes” pekee, tena lichapwe lote; herufi “y” haitoshi.