Sheikh Mbaruk wa Gazi, Mtawala Aliyeutegemea Msitu

Wasomaji waliopitia shule wataikumbuka habari ya Mfalme Alfred wa Uingereza. Mwaka 878 watu wa Denmark waliivamia nchi yake, naye akajificha katika vinamasi vya Athelney pamoja na wafuasi wachache. Miezi haikupita mingi akatoka, akawashinda adui zake huko Edington. Alipokufa mwaka 899 aliacha miji yenye maboma, sheria zilizoandikwa, na jina la Alfred Mkuu.

Pwani ya kusini, baina ya Diani na Msambweni, nayo ilikuwa na mtawala aliyejificha na kutoka tena, wala si mara moja. Huyo ni Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi.

Wazee wake, Wamazrui, walitawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia moja. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, akawakamata wakubwa wao, na kati yao alikuwamo Rashid bin Salim, babaye Mbaruk. Hawakurudi tena. Waliosalia walitawanyika, wengine wakaenda Takaungu na wengine Gazi. Basi Mbaruk alikua akijua kwamba enzi ya baba yake imo mikononi mwa mtu mwingine.

Alipoushika uongozi wa Gazi katika miaka ya 1860, alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na marafiki wengi kati ya Wadigo na Waduruma. Lakini tegemeo lake kubwa lilikuwa Mwele, ngome yake iliyokuwa msituni upande wa bara. Kila alipogombana na Sultani wa Unguja, aliiacha Gazi akapanda Mwele. Askari wa Sultani walimfuata, wakachoka, nao wakubwa wakapatana naye. Hata mwaka 1882, Jemadari Mathews alipoiteka Mwele kwa ajili ya Seyyid Barghash, Mbaruk mwenyewe aliponyoka, na baadaye akarudi Gazi.

Kisha ikaja Kampuni ya Waingereza, ambayo ilimlipa fedha ili akae kwa amani, naye akakaa. Fitina ilianzia Takaungu. Mwezi wa Februari 1895 liwali wa huko, Salim bin Khamis, alifariki. Kampuni ikamweka mwanawe Rashid. Mbaruk mwingine, mtoto wa ndugu wa marehemu, akaona amedhulumiwa haki yake, akashika silaha. Aliposhindwa alikimbilia Gazi kwa jamaa yake.

Hapo mzee alibanwa pande mbili. Serikali ilitaka waasi wasipewe hifadhi, na tangu tarehe 1 Julai mwaka ule nchi haikuwa tena ya Kampuni bali ya Serikali ya Uingereza yenyewe. Lakini mgeni aliyekuwa nyumbani kwake alikuwa damu yake, na mtu wa heshima hamtoi jamaa yake aliyekimbilia kwake. Mbaruk alisitasita, akajaribu kushika njia ya katikati, mwisho akachagua damu. Akapanda Mwele kama desturi yake.

Tarehe 17 Agosti 1895 Admeri Rawson aliishambulia Mwele na kuiteka. Jemadari Mathews, aliyekuwamo tena katika safari hiyo, alijeruhiwa. Mbaruk akaponyoka kama zamani, na vita vya kuvizia vikaendelea kwa miezi mingi. Lakini safari hii hapakuja mjumbe wa kutengeneza mapatano. Walikuja askari kutoka Bara Hindi, mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata mzee alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake wengi, akajitia mikononi mwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na Gazi. Nyumba yake hapo Gazi baadaye ilitumika kuwa shule.

Husemwa, msitu ni mpya lakini nyani ni wale wale. Kwa Sheikh Mbaruk mambo yalikuwa kinyume. Msitu ulikuwa ule ule uliomficha siku zote, bali waliomwinda walikuwa wapya. Alfred alipotoka vinamasini alijenga maboma mapya, ili asilazimike kurudi huko. Mbaruk alipotoka msituni kila mara aliiacha njia wazi nyuma yake, akitumaini kuipita tena. Mwaka 1895 aliipita, lakini haikumrudisha nyumbani.