Mbona Dawa ya Uzazi Haifaulu?

Huku kwetu Masereka, juu ya milima ya Lubero, nyumba nyingi zajaa watoto. Kwa hiyo watu wa ndoa wasiojaliwa mtoto hutazamwa kwa mshangao, na lawama zote humwangukia mke. Hunywa dawa za mizizi, hunywa na za hospitali. Fedha za viazi zaisha, naye hashiki mimba. Ndipo jamaa waanza kumnong'oneza mume: "Mrudishe kwao, mbuzi wetu warudi." Twawauliza jamaa hao: Je, mume naye amepimwa?

Waganga wafundisha kwamba karibu katika nusu ya ndoa zisizo na mtoto, mume naye ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Matubwitubwi yaliyompata baada ya kubalehe, kisonono cha zamani, mishipa iliyovimba penye korodani, pombe nyingi na tumbaku, haya yote yaweza kuharibu mbegu zake. Mtu aweza kuwa hodari wa shamba na wa ndoa, na mbegu zake zikawa chache au dhaifu. Ikiwa ndivyo, hata mke akinywa dawa miaka 10, zitamfaa nini?

Sababu ya pili ni makovu. Kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini mwa mwanamke bila maumivu, zikaziba mirija ipitishayo yai. Dawa huua vijidudu, lakini kovu haiondoi. Tena mke akitibiwa peke yake, mume humwambukiza upya. Hesabu ya watu iliyofanywa Kongo miaka ya 1955 hadi 1957 ilionyesha wanawake wengi wasio na mtoto katika Ekwateri na upande wa Uele. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walitaja hasa magonjwa ya zinaa, wala si uchawi.

Sababu ya tatu ni haraka. Mbegu za mume huchukua karibu miezi 3 kukomaa, lakini wengi hubadili mganga kila mwezi. Wengine, kinyume chake, huchelewa mno: baada ya miaka 35 uwezo wa mke wa kushika mimba hupungua upesi. Wako pia wenye uvimbe katika tumbo la uzazi, au kifua kikuu kilichoshuka humo, au yai lisilokomaa. Kila ugonjwa una dawa yake. Asiyepimwa hutibiwa kwa kubahatisha.

Basi, enyi akina baba, fuataneni na wake zenu hospitalini, mpimwe wote wawili. Kanisa halikatazi uganga. Katika mafundisho yake ya mwaka 1987, yaitwayo Donum Vitae, lasifu dawa iwasaidiayo watu wa ndoa, lakini lakataa njia ziwekwazo mahali pa tendo lao la ndoa.

Na kama waganga wakishindwa? Ndoa yenu haikuvunjika, kwa maana hamkuapa mbele ya altare kwa sharti la kupata mtoto. Zakaria hakumfukuza Elizabeti, ingawa walizeeka bila mtoto. Tena vita vimetuachia yatima wengi katika nchi hii. Pengine mmoja wao angojea kuwaita ninyi baba na mama.