Umeme wa Gatini: Tafuteni Kosa Kuanzia Nchi Kavu

Ni saa moja ya jioni katika gati la Port Bell, Luzira. Mashua ya doria imefungwa kamba, na kebo ndefu imetoka kwenye soketi ya gatini hadi mashuani ili kuchaji betri. Mkuu wa mashua anaamuru taa ziwashwe. Taa zinafifia kama utambi ulioishiwa mafuta, redio inakoroma kidogo, kisha inanyamaza. Askari mmoja anaulaumu umeme wa mjini, wa pili anailaumu betri, na wa tatu amekwisha kushika bisibisi. Mambo ya namna hii tumeyaona zaidi ya mara moja, na kila mara tumejifunza jambo lile lile: ubishi hauwashi taa.

Tusilichukue jambo hili kuwa dogo. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Saa kama hiyo wananchi hawaulizi betri ya askari ina nini. Wanataka mashua yenye injini inayowaka, redio inayosema na taa inayomulika. Mashua isiyowaka haimwokoi mtu.

Basi kosa la umeme litafutwe vipi? Lifuatwe kama askari afuatavyo nyayo za mwizi: kuanzia mahali alipoonekana mara ya mwisho, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Njia ya umeme ni hii: soketi ya gatini, plagi, kebo, plagi ya mashuani, swichi kuu, chaja, betri, fyuzi, na mwisho taa. Anayeanza kwa kufungua taa ameanza safari mwishoni.

Hatua ya kwanza ni soketi ya gatini. Kuipima ni kazi ya fundi aliyefunzwa, mwenye mita nzima na mikono mikavu. Katika Uganda, kati ya waya wa moto na waya wa nyutro mita isome karibu volti 240. Kati ya waya wa moto na waya wa ardhi isome vivyo hivyo. Kati ya nyutro na ardhi iwe karibu na sifuri. Ikiwa hapo pa mwisho mita inasoma 240, nyaya zimegeuzwa, na mashua isiunganishwe kamwe. Ikiwa kati ya moto na ardhi hakuna kitu, waya wa ardhi umekatika. Hiyo nayo ni hatari kubwa ijapokuwa taa zote zinawaka.

Hatua ya pili ni kebo. Kebo ndefu na nyembamba hula umeme njiani. Fundi apime mwisho wa kebo mara mbili: vyombo vikiwa vimezimwa, kisha vikiwa vinafanya kazi. Ikiwa volti zinaanguka sana vyombo vinapowashwa, ama kebo ni nyembamba mno au kuna kiungo kilicholegea. Baada ya nusu saa ya kazi, umeme uzimwe, plagi ichomolewe na kuguswa. Ikiwa ni ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi, kiungo kimelegea au kimeshika kutu. Itupwe, iwekwe mpya. Tena, kebo isiachwe imeviringwa mzigo unapopita ndani yake, kwani joto hujikusanya humo mpaka mpira ukayeyuka.

Hatua ya tatu ni swichi inayojikata. Ikiwa inakata hata swichi kuu ya mashua ikiwa imezimwa, kosa liko upande wa kebo au gati. Ikiwa inakata mara tu swichi kuu inapowashwa, kosa liko mashuani. Hapo vyombo vyote vizimwe, kisha viwashwe kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha swichi ndicho mkosaji. Kitolewe na kupelekwa kwa fundi. Kuweka msumari mahali pa fyuzi, au kuifunga swichi kwa waya ili isikate, ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele kwamba adui ameingia kambini.

Hatua ya nne ni betri. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa husoma 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Chaja inapofanya kazi, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chaja imewashwa na betri inabaki 12.3, tazameni kwanza fyuzi ya chaja na vichwa vya betri. Ule unga wa kijani au mweupe unaoota juu ya vichwa huzuia umeme. Zimeni chaja, ondoeni waya wa hasi kwanza, sugueni, kisha kazeni. Wala asivute mtu sigara hapo, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Wako watu wanaoukata waya wa ardhi kwa makusudi. Wanasema waya huo unaiunganisha mashua ya alumini na vyuma vingine vya gatini, na bodi yake inaliwa. Ni kweli kwamba bodi huweza kuliwa hivyo, na kipo kifaa maalumu cha kuzuia kuliwa huko bila kuugusa usalama. Lakini waya ukikatwa, umeme unaovuja mashuani hukosa njia ya kurudi, nao huishika njia ya majini.

Na maji ya ziwa letu ni matamu. Wengi hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo ya hatari zaidi, kumbe sivyo. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa binadamu, hivyo umeme mwingi humpita pembeni. Maji matamu huupitisha vibaya, na mwili wenye chumvi ndani yake huwa ndiyo njia rahisi. Miliampea 10 hadi 20 zatosha kuikaza misuli ya mwogeleaji hodari asiweze kusogeza mkono. Atazama kimya, na watu watasema alishikwa na kichaa cha maji. Ndiyo sababu gati lenye soketi liwe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja miliampea 30, na ndiyo sababu mtu asiogelee karibu na mashua iliyounganishwa.

Ikiwa mwenzenu amekazwa majini, msiruke kumfuata, maana mtakuwa maiti wawili. Kateni umeme gatini kwanza, mtupieni boya au kamba, ndipo mmvute.

Kila siku basi tushike utaratibu mmoja. Wakati wa kuunganisha: swichi zote zizimwe, plagi ya mashuani iingizwe kwanza, ya gatini baadaye, ndipo swichi ya gatini iwashwe na mwisho ya mashua. Wakati wa kuondoka, kinyume chake. Hivyo hapatakuwa na kebo yenye umeme mkononi juu ya maji.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Askari wa majini asiyeiziba nyufa ya waya leo atamwopoa mwenzake kesho. Kagueni kebo zenu kabla jua halijazama.