Komando Mwanamke: Je, Kikwazo ni Mwili Wake?

Akina mama wengi tukisikia neno "komando", tunaona mbele ya macho yetu kijana wa kiume mwenye kifua kipana. Ni nani atakayemfikiria mama wa watoto wawili? Lakini mnamo Oktoba 2015, huko Fort Benning, Georgia, nchini Marekani, mama wa namna hiyo alihitimu kozi ya Ranger. Ni Meja Lisa Jaster, aliyekuwa na umri wa miaka 37. Kapteni Kristen Griest na Luteni Shaye Haver walikuwa wamemtangulia mwezi Agosti. Wanawake walioianza kozi hiyo mwezi Aprili walikuwa 19.

Kozi ni ya miezi miwili hivi kwa asiyerudia hatua yoyote. Meja Jaster alikaa miezi sita. Humo mtu hulala kidogo na kula kidogo. Mwaka 2015 alitakiwa kukimbia kilometa 8 kwa dakika 40, na kutembea kilometa 19 akiwa na shanta na bunduki kwa muda usiozidi saa tatu. Wanawake hao walipimwa kwa kipimo kile kile cha wanaume.

Sisi wauguzi hatuwezi kusema kwamba mwili si kitu. Wanawake katika mafunzo ya kijeshi hupata nyufa ndogo za mifupa ya miguu na nyonga mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Mwili wa mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na ule mzigo wa kilo nyingi haupungui kwa sababu aliyeubeba ni mwepesi. Hayo ni kweli, na anayeyaficha hamsaidii binti yeyote. Chakula cha kutosha na mazoezi yanayoongezwa polepole hupunguza madhara hayo, lakini hayayaondoi yote.

Hata hivyo, tukifuatilia habari hizi tunaona kwamba wengine walizuiliwa baada ya mwili kufaulu. Mwaka 1980 Kapteni Kathleen Wilder alikuwa karibu kumaliza kozi ya maofisa wa kikosi cha Green Berets alipoambiwa kwamba ameshindwa. Akalalamika. Uchunguzi ulionyesha kuwa amenyimwa haki yake, akapewa cheti. Lakini cheti hakikufungua mlango, maana vikosi vyenyewe viliendelea kuwa vya wanaume. Hata Griest na Haver, siku ile walipovishwa alama ya Ranger, kikosi cha Ranger kilikuwa bado hakipokei wanawake. Ruhusa ya kuingia kazi zote za jeshi ilitangazwa na Waziri wa Ulinzi Ash Carter mwezi Desemba 2015.

Jambo la kushangaza ni kwamba vikosi hivyo vilikuwa vimekwisha kuwahitaji. Huko Afghanistan askari wa kiume hawakuweza kuwapekua wala kuzungumza na wanawake wa nyumbani, kwa mila za nchi ile. Hivyo wanajeshi wa kike walichaguliwa kufuatana na makomando usiku. Luteni Ashley White, mwenye miaka 24, aliuawa kwa bomu huko Kandahar mwezi Oktoba 2011 katika kazi hiyo. Hatari alishirikishwa, uanachama wa kikosi, hapana.

Mwaka 2023 jeshi hilo lilitoa taarifa ya uchunguzi wake lenyewe, ambamo wanawake zaidi ya 800 wa vikosi maalumu walihojiwa. Wapo waliosimulia dharau na kusumbuliwa kimapenzi. Wengi walitaja mambo ambayo sisi akina mama tungeyawaza mara moja: fulana ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa kifua cha mwanamume, isiyomwacha aegemeze bunduki vizuri begani, kofia isiyokaa kichwani kwa sababu ya fundo la nywele, na mahali pa kumwacha mtoto mazoezi yanapoanza kabla ya mapambazuko. (Hilo la mtoto liliwagusa akina baba pia.) Wengine hujinyima maji makusudi ili wasihitaji haja ndogo mbele ya wanaume. Hapo muuguzi yeyote atashtuka, kwani kunywa maji kidogo na kubana mkojo huleta maambukizi ya njia ya mkojo, na kwenye joto mtu huweza kuzimia.

Mwezi Septemba 2025 Waziri Pete Hegseth alitangaza kwamba kazi za mapigano zipimwe kwa kiwango cha juu cha wanaume. Kwa wanawake waliohitimu kozi ya Ranger, hilo si jipya. Sisi tungependa kumwuliza mheshimiwa waziri kuhusu zile fulana.