Nyumba zinaota Busia na Malaba, madarasa ni yale yale

Sisi watu wa Mombasa tunaijua Malaba kwa midomo ya madereva. Trela likitoka Kilindini na mzigo wa Uganda, litavukia hapo au Busia. Mimi huenda Busia kila mwaka kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko, na kila nikienda nakuta shamba jingine la mihogo limegeuka ploti ya kupangisha: safu ya vyumba, mabati mapya, tangi la maji juu.

Safari ya mwisho, mpwa wangu wa gredi ya nne alinionyesha anavyoandika darasani, daftari juu ya paja. Dawati moja wanakaa wanne. Nikamuuliza dada, nyumba zote hizi zinalipiwa kodi, mbona shule haifaidiki? Akacheka tu. Nilipofuatilia jambo hili niligundua kwamba hata kwetu Pwani ni hayo hayo.

Kule Marekani, sehemu kubwa ya pesa za shule za umma hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za eneo lile lile. Nyumba zikiongezeka, mfuko wa shule nao hupata. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 iligawa kazi. Kaunti imepewa mipango ya miji, nyumba, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kodi ya ardhi na ada za kupitishiwa ramani huingia kaunti. Kwa hivyo anayeruhusu nyumba kujengwa siye anayeleta mwalimu.

Shule nayo hupata nini? Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali hutoa pesa kwa kuhesabu vichwa. Kiwango kilichowekwa kwa mwanafunzi wa msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Sasa tupige hesabu. Ploti mpya zikileta watoto 50, shule itaongezewa Sh71,000 kwa mwaka mzima, tena kwa mafungu. Hizo ni za vitabu, chaki na ukarabati mdogo. Darasa halijengeki kwa pesa hizo. Madarasa hungojea NG-CDF, ambayo ina eneobunge zima la kuhudumia, na walimu hungojea TSC.

Mpakani kuna tatizo jingine. Mtoto huhesabiwa akiwa ameandikishwa kwenye mfumo wa serikali, na usajili huo umekuwa ukidai cheti cha kuzaliwa. Busia na Malaba ni miji ya watu wanaokuja na kuondoka: wabebaji, wauza nafaka, mawakala wa forodha, familia zenye jamaa pande zote mbili. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo, au aliyehamia katikati ya mwaka, anakalia dawati lakini hayumo kwenye hesabu. Pengo hilo huzibwa na mzazi. Dada yangu alishaambiwa achangie madawati, na jirani yake aliyeshindwa kuchanga alimweka mwanawe nyumbani wiki mbili. Elimu hiyo ni ya bure kwa sheria.

Dawa ipo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa kibali cha ujenzi, kukikataa, au kukiwekea masharti. Anayekata shamba vipande mia aulizwe: uwanja wa shule uko wapi? Mjengo mmoja hauonekani tatizo, lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Ploti ya mwisho ikiuzwa, ardhi ya shule haipatikani tena kwa bei ya mahindi.

Na mradi wa nyumba za bei nafuu pia uulizwe. Sheria ya 2024 inayotukata asilimia 1.5 ya mshahara inataja nyumba pamoja na huduma za jamii zinazoambatana nazo.

Ndugu msomaji, uwe Malaba, Likoni au Mtwapa, kikao cha maoni ya wananchi kikiitishwa kuhusu nyumba mpya, nenda. Wengi huuliza bei ya chumba. Wewe uliza watoto watasomea wapi, na jibu liandikwe.